Bili ya umeme ya mzee imepanda ghafla: jinsi ya kujua uniti zinaishia wapi, hatua kwa hatua

Swali hili linarudi kila mara. Bili ya mama, babu au shangazi imeruka karibu mara mbili, anaishi peke yake au na mtu mmoja tu, ndugu wamebadilisha balbu zote, wamemsema asiwashe tv mchana, na mwezi unaofuata bili imekuja vilevile. Mzee kaumia roho, pesa imetoka na chanzo bado hakijulikani.

Kinachowakwamisha wengi ni kwamba wanaanza kurekebisha kabla hawajapima. Hapa tunapima kwanza, na tunafuata uniti, sio pesa. Hatua zina mpangilio wake, usiziruke, manake kila moja inaondoa kundi zima la sababu na inayofuata inategemea jibu ulilopata kwenye iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Bili za miezi 12 iliyopita, au risiti za tokeni kama mita ni ya kulipia kabla. Hata miezi 6 inasaidia
- Simu yenye kamera, saa ya kuhesabu sekunde na kalkuleta
- Tochi
- Daftari na kalamu, manake namba za mita ukizitegemea kichwani zinachanganyika haraka sana
- Kipima umeme cha kuchomeka, kile kidude unachomeka kwenye soketi alafu kifaa unakichomeka juu yake kikuonyeshe wati na uniti. Sio lazima ila kwa friji kinaokoa muda mwingi
- Ruhusa ya mzee mwenyewe, na saa kama 3 hivi za mchana ambazo hamna haraka

Jambo moja la kukaa nalo kichwani: uniti 1 (kwenye mita na bili inaandikwa kWh) ni kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa 1. Kifaa cha wati 100 kitachukua saa 10 kumaliza hiyo uniti, cha wati 2,000 kitachukua nusu saa. Hesabu zote za huku chini zinatoka hapo.

Onyo kabla ya yote. Usifungue mita, usivunje lakiri yake, usifungue boksi la breka wala soketi. Kila kitu humu kinafanyika kwa kuzima na kuwasha swichi, kuchomoa plagi na kusoma namba. Ukikuta soketi imeungua, harufu ya plastiki inayoungua, ukuta unaotoa joto au bomba linalopiga shoti, zima swichi kuu, mwondoe mzee karibu na hapo, ita fundi umeme mwenye leseni, na uchunguzi usimame mpaka amalize.

## Hatua ya 1: Ongea na mzee, lakini kama shahidi, sio mshtakiwa

Hatua hii watu wanaipita wakikimbilia mita, na mara nyingi jibu lilikuwa hapahapa. Mzee anayehisi analaumiwa ataficha. Atakwambia hita hawashi, kumbe usiku anaiwasha kwa sababu baridi inamuumiza magoti, na wewe utahangaika na friji bure.

Kaa naye, mwambie unataka kujua kama anatozwa kwa haki (ambayo ni kweli, hujui bado), alafu uliza kuhusu mabadiliko. Kuna kifaa kipya kimeingia, hata cha kupewa? Kuna mgeni amekaa muda mrefu, au mtu anakuja kuchaji vitu au kufua? Aliugua, akaanza kukaa ndani zaidi au kuoga maji ya moto mara nyingi? Analala taa zikiwaka? Kuna fundi alipita kutengeneza bomba, pampu au paa? Mita ilibadilishwa?

Uliza pia kuhusu vifaa vya matibabu. Mashine ya oksijeni ya nyumbani nyingi zinakula kati ya wati 300 na 400, kwahiyo ikiwaka saa 24 ni uniti 7 hadi karibu 10 kila siku. Bili inaweza kuwa imeelezeka yote hapo, na hicho sio kifaa cha kubana hata kidogo. Viorodheshe vyote: mashine ya kusaidia kupumua usiku, godoro la hewa la kuzuia vidonda, friji yenye insulini. Kwenye hatua za kuzima umeme utavihitaji.

Kingine, kama unaona anasahau majiko na hita zikiwaka na zamani hakuwa hivo, liandike pembeni. Hilo ni la kumwambia daktari wake hata kama bili itashuka.

Umefanikiwa ukiwa na: tarehe ya takriban mambo yalipobadilika, orodha ya vifaa vya matibabu, na mzee ambaye yuko upande wako.

## Hatua ya 2: Soma bili, tafuta uniti kwa siku

Pesa inadanganya. Inaweza kupanda bila mzee kuongeza hata dakika moja ya umeme. Bei imebadilika, kodi imeongezwa, deni la nyuma limeingizwa, au bili imechukua siku 60 badala ya 30. Sehemu nyingine umeme una madaraja, uniti za mwanzo zina bei nafuu na ukivuka kiwango fulani bei inapanda, kwahiyo ongezeko dogo la matumizi linaleta pesa nyingi.

Kwa kila bili andika mambo manne: tarehe ya usomaji wa mwanzo na wa mwisho, namba za mita hizo mbili, uniti zilizotumika, na kama usomaji ni halisi au wa makadirio. Alafu gawanya uniti kwa idadi ya siku. Mfano uniti 310 kwa siku 31 ni uniti 10 kwa siku. Hiyo namba ya kwa siku ndo utakayolinganisha mwezi kwa mwezi.

Kwa mita ya tokeni, angalia kwenye kila risiti uniti ngapi zilitoka na kiasi gani kilikatwa kwa deni au ada, alafu hesabu siku mpaka alipokosa umeme au kununua tena. Watu wengi wanasema "uniti zinaisha haraka" kumbe uniti anazopata kwa pesa ileile ndo zimepungua.

Makadirio yaangalie kwa makini. Kampuni ikikosa kusoma mita miezi kadhaa inaweka namba ya kubahatisha, ikija kusoma kweli tofauti yote ya miezi ile inaangukia bili moja. Bili kubwa baada ya bili ndogondogo za makadirio mara nyingi ni hiyo.

Umefanikiwa ukijua: kama uniti kwa siku zimepanda kweli, na zilipanda kuanzia bili ipi. Kama hazijapanda, ruka moja kwa moja hatua ya 8, hapo mazungumzo ni na kampuni, usimsumbue mzee.

## Hatua ya 3: Hakikisha mita ni ya kwake

Nenda kwenye mita na bili mkononi. Linganisha namba ya mita iliyochapwa kwenye bili na ile iliyoandikwa kwenye mita, tarakimu moja moja. Kwenye majengo yenye mita nyingi ukutani kubadilishana kunatokea kweli, mzee analipa nyumba ya familia ya watu sita na wao wanalipa ya kwake.

Alafu soma namba ya uniti. Ya magurudumu isome kutoka kushoto, tarakimu nyekundu au ile baada ya nukta achana nayo. Ya kioo inabadilisha kurasa zenyewe, subiri mpaka uone namba yenye kWh pembeni. Mita zingine zina namba mbili, ya mchana na ya usiku, andika zote. Piga picha ionyeshe namba ya mita na uniti pamoja.

Namba utakayoisoma leo lazima iwe kubwa kuliko usomaji wa mwisho kwenye bili. Ikiwa ndogo, mzee ametozwa uniti ambazo hajazitumia na hiyo picha ndo ushahidi wako.

## Hatua ya 4: Zima swichi kuu, tazama mita

Kipimo hiki kinachukua dakika 15 na kinagawanya tatizo katikati: liko ndani ya nyumba au liko nje.

Kabla ya kuzima. Kama kuna mtu anategemea mashine ya oksijeni au ya kupumua, usizime mpaka awe na mbadala unaofanya kazi, mtungi au betri, na amejaribiwa nao kwanza. Kama hakuna mbadala, acha hatua hii na ya 5, pima vifaa kimoja kimoja kwenye hatua ya 6. Friji yenye insulini ifungwe tu isifunguliwe, dakika chache hazina shida. Mkalishe mzee mahali penye mwanga ili asitembee gizani.

Zima swichi kuu. Tazama taa ndogo ya mita (ile inayopepesa, pembeni pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, yaani inapepesa mara 1000 kwa kila uniti 1) au kisahani kinachozunguka kwa mita za zamani. Subiri dakika 10 kamili. Dakika moja haitoshi, matumizi madogo yanapepesa kwa nadra sana.

Mita zingine zikikosa matumizi taa inakaa imewaka bila kupepesa. Hilo ni kawaida, usiogope. Kisahani nacho kinaweza kujisogeza kidogo alafu kikatulia.

Matokeo yapo matatu.

Mita imetulia. Mita haina dalili ya kukimbia yenyewe, tatizo liko ndani, endelea.

Mita inaendelea kupepesa huku nyumba nzima imezimika. Hapo ama mita ina kasoro, ama kuna waya umeungwa kati ya mita na swichi kuu, wa jirani, wa chumba cha nyuma, wa taa ya nje. Usiufuate huo waya kwa mkono, sehemu hiyo ina umeme hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Rekodi video ikionyesha swichi imezimwa na mita inapepesa, nenda hatua ya 8. Na usimtaje jirani kwa jina kabla fundi wa kampuni hajaona.

Mita ya mzee inaendelea lakini mita ya pembeni imesimama. Zimebadilishana. Washa na uzime mara mbili uhakikishe.

Ukiwa bado hapo, pima na usahihi wa mita kwa kukisia. Washa umeme, acha kifaa kimoja tu kinachojulikana wati zake na kisichojizima chenyewe, mfano hita ya wati 2,000, kwa nusu saa. Mita inatakiwa ipande karibu uniti 1. Volti zikiwa juu au chini itatofautiana kidogo, lakini ikipanda uniti 2 kuna kitu cha kuripoti.

## Hatua ya 5: Breka moja moja

Zima breka zote, washa swichi kuu, alafu washa breka moja, tazama mita dakika mbili tatu, izime, washa nyingine. Kabla ya hapo chomoa kila plagi uliyoweza kufikia na zima taa zote. Kwahiyo kila laini unayoiwasha inatakiwa iwe haina kazi yoyote.

Kujua laini inakula kiasi gani, hesabu sekunde kati ya kupepesa moja na inayofuata. Chukua 3,600,000, gawanya kwa ile namba ya imp/kWh, alafu gawanya kwa sekunde ulizopata. Jibu ni wati. Mita ya 1000 ikipepesa kila sekunde 36 ni wati 100. Mita ya 1600 ikipepesa kila sekunde 9 ni wati 250.

Usidharau wati 100. Zikila usiku na mchana ni uniti 2.4 kwa siku, uniti 72 kwa siku 30, na zinapita bila mtu yeyote kuziona.

Laini ikila umeme wakati umechomoa kila kitu, kuna mambo mawili tu. La kwanza ni kifaa kilichosahaulika ambacho hakina plagi: hita ya tangi iliyoko juu ya dari, pampu ya maji, taa ya nyuma ya nyumba, kengele ya geti, laini inayokwenda banda la nje. Zunguka nyumba nzima na tochi. Uliza aliyekaa hapo zamani kama kuna swichi ambayo "huwa haiguswi".

La pili ni umeme unaovuja kwenda ardhini, waya uliopasuka kwenye ukuta wenye unyevu, kebo ya chini ya ardhi iliyokatwa na jembe, koili ya hita iliyotoboka. Mita inahesabu umeme huo kama vile umetumika. Na hapa bili inakuwa jambo dogo kuliko hatari yenyewe, manake umeme uleule unaweza kumpiga mzee anaposhika bomba akiwa na miguu imelowa. Acha breka hiyo imezimwa, ita fundi, mwambie apime uvujaji kwa kifaa cha kupima insulesheni na akague ile swichi ya kinga inayojikata umeme ukivuja, kama ipo. Kama haipo, kuifunga ndo matumizi bora ya pesa kwenye nyumba ya mtu mzima.

Umefanikiwa ukiwa na: orodha ya breka na wati za kila moja, na unajua laini ipi ya kufuata.

## Hatua ya 6: Vifaa, ukianza na vinavyotoa joto au baridi

Balbu na chaja za simu ndo watu wanazikimbilia, na hesabu zao ni ndogo. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 10 kila siku ni uniti 2.7 kwa mwezi. Hita ya chumba ya wati 2,000 ikiwaka saa 6 ni uniti 12 kwa siku moja, 360 kwa mwezi. Kwahiyo anza na vinavyopasha na vinavyopoza, alafu pampu, mengine baadae.

Maji ya moto. Hapa ndo napata majibu mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Tangi lenye hita ambalo termostati yake (kidude kinachoizima maji yakishapata moto) imekufa linachemsha bila kuacha. Dalili: maji yanatoka na mvuke, tangi linanguruma, au bomba la kupumulia linamwaga maji moto. Hii ni hatari ya kuungua na hata tangi kupasuka, zima leo hiihii.

Halafu kuna bomba la maji moto linalovuja. Weka chupa ya lita 1 chini yake. Ikijaa kwa dakika 10 hiyo ni lita 144 kwa siku, na kuzipandisha joto kwa digrii 40 kunakula zaidi ya uniti 6 kila siku ya Mungu. Raba ya bomba inayogharimu kidogo kabisa ndo imeshika bili nzima. Sikiliza pia usiku nyumba ikiwa kimya, bomba lililopasuka chini ya sakafu unaweza kulisikia, au ukaona sehemu moja ya sakafu ina joto.

Hita ya kuogea ya papo kwa papo inavuta nyingi, wati 5,000 na zaidi ni kawaida, lakini dakika 15 ni uniti 1 na robo. Ni kubwa ikiwa watu ni wengi au mzee anaoga kwa muda mrefu sana.

Friji. Kompresa ya wati 120 ikifanya kazi theluthi ya muda ni karibu uniti 1 kwa siku. Ikiwa haipumziki kabisa inakaribia 3. Kaa karibu nayo saa 1 na usikilize, inatakiwa izime na kuwaka. Isipozima, angalia raba ya mlango: bana karatasi kwenye mlango uliofungwa, ukiivuta ikatoka bila kukaza raba imekufa. Angalia vumbi kwenye koili za nyuma, nafasi kati yake na ukuta, barafu nene ndani, na kama imewekwa karibu na jiko au juani. Kipima umeme kiache hapo saa 24 kamili, ya dakika 10 itakupotosha. Na ulizia kama kuna friji ya pili stoo inayopoza chupa mbili za maji.

Pampu ya maji. Pampu ya nguvu farasi 1 ni karibu wati 750 za kazi, na kwenye waya inavuta zaidi ya hapo. Ikiwaka kwa sekunde chache na kuzima, tena na tena, wakati hakuna bomba lililofunguliwa, kuna mvujo mahali au swichi ya presha imechoka. Choo kinachovuja maji kimyakimya kinatosha kuiamsha pampu usiku kucha. Tone la rangi ya chakula kwenye tangi la choo litakuonyesha: rangi ikitokea kwenye bakuli bila kuflashi, kinavuja.

Kiyoyozi na hita za vyumba. Chujio lililoziba vumbi linakifanya kiyoyozi kifanye kazi muda mrefu kwa baridi ileile. Kwa hita, angalia alama kwenye zulia na mahali plagi imekaa, utajua inatumika wapi hata kama hujaambiwa. Isichomekwe kwenye ekstensheni, zinaungua.

Vinavyowaka bila kutazamwa. King'amuzi cha zamani kinaweza kula wati 15 hata ukikizima kwa rimoti, hiyo ni uniti 11 hivi kwa mwezi. Tv inayowaka siku nzima kwa mzee anayeishi peke yake mara nyingi ni sauti ya kumwondolea upweke. Pima, andika, lakini fikiria vizuri kabla ya kumwondolea.

Kwa kila kifaa andika wati mara saa kwa siku, gawanya kwa 1,000. Jumlisha. Umefanikiwa jumla yako ikikaribia ile namba ya uniti kwa siku uliyopata hatua ya 2. Ikibaki pengo kubwa, kuna kifaa hujakiona, rudi kwenye laini iliyokula zaidi hatua ya 5.

## Hatua ya 7: Rekebisha bila kumdhuru

Mpangilio ni huu: usalama kwanza, vilivyoharibika pili, tabia mwisho kabisa. Na tabia ni za kukubaliana, sio za kuamriwa.

Usimpunguzie joto mtu mzima kwenye baridi ili kuokoa uniti. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa makazi wa 2018 linataja digrii 18 kama kiwango salama cha ndani wakati wa baridi kwa watu kwa ujumla, na kwa wazee inaweza kuhitajika zaidi ya hapo. Bora kuziba nyufa za mlango na kupasha chumba kimoja anachokaa kuliko kuzima. Joto kali nalo ni hivohivo, feni na kiyoyozi sio anasa kwa moyo uliochoka. Blanketi la umeme linakula kidogo sana, ila kwa mwenye kisukari kilichoua hisia za miguu, au asiyeweza kulizima mwenyewe, liache.

Tangi la maji moto usilishushe chini ya digrii 60, bakteria wanaoleta nimonia wanapenda maji ya uvuguvugu. Kama unaogopa ataungua, fundi afunge vali ya kuchanganya maji kwenye bomba. Taima ni nzuri kwa tangi, iwake kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni, zinawatosha wengi.

Taa za usiku usizing'oe. Kuanguka gizani akienda chooni kunagharimu kuliko balbu ya mwaka mzima. Weka LED ndogo yenye sensa kwenye korido.

Alafu kuna vile visanduku vinavyouzwa kwamba ukichomeka kwenye soketi bili inashuka nusu. Wazee ndo wanaolengwa. Mita ya nyumbani inahesabu uniti zilizotumika kweli na visanduku hivo havizipunguzi, kwahiyo ukikuta kimoja chomoa, vingine vimetengenezwa vibaya na vinashika moto.

Ukigundua kwamba ni ndugu au mpangaji aliyejiunga kwenye umeme wa mzee, ongea nae pembeni ukiwa na namba zako, mzee asiwe katikati ya ugomvi. Waya wenyewe ukatwe na fundi.

## Hatua ya 8: Kwenda kwa kampuni ya umeme

Nenda na karatasi, sio na hasira. Barua ya mzee ya kukuruhusu umwakilishe, nakala za bili, jedwali lako la uniti kwa siku, picha za mita zenye tarehe, na video ya hatua ya 4 kama unayo. Andika ombi moja lililo wazi: bili irekebishwe kwa usomaji halisi, au mita ipimwe, au namba za mita zilizobadilishana zirekebishwe. Ukiweka malalamiko matano kwenye barua moja watajibu lile rahisi.

Uliza kabla kama kupima mita kuna ada na kama inarudishwa ikikutwa na kasoro. Uliza kama anaweza kulipa kiasi chake cha kawaida wakati uchunguzi unaendelea, na asikatiwe umeme. Kama ana mashine ya matibabu, uliza kama wana orodha ya wateja wa aina hiyo na aandikishwe sikuhiyohiyo. Chukua namba ya malalamiko na jina la aliyekuhudumia. Wakikaa kimya au ukikataliwa bila sababu, mamlaka inayosimamia huduma za nishati ndo mlango unaofuata, na watataka hiyo namba ya malalamiko.

## Hatua ya 9: Thibitisha baada ya siku 7

Usisubiri bili. Siku uliyomaliza matengenezo soma mita, piga picha. Baada ya siku 7, saa ileile, soma tena, toa, gawanya kwa 7. Linganisha na uniti kwa siku za bili mbaya na za kipindi kile mambo yalikuwa sawa.

Ikishuka na kukaribia ya zamani, umemaliza. Mbandikie mzee karatasi kubwa karibu na mita, tarehe na namba, asome au asomewe kila wiki siku moja. Wazee wengi wanalipenda hili jambo manake sasa wana ushahidi wao wenyewe mkononi.

Isiposhuka, rudia hesabu ya sekunde ya hatua ya 5 usiku badala ya mchana, kama saa 4 usiku hivi, mzee akishalala, bila kuzima chochote. Hesabu tu sekunde za mita ikiwa nyumba imetulia. Friji ikipumzika, zinazobaki ni zile wati zinazokula wakati hakuna mtu anayetumia kitu, na asubuhi utazitafuta hizo tu.